Nisomee, Koki

Gibson alipoingia ameishika simu mpya kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba kifaranga, saiba yangu, duka la kompyuta na intaneti, ilikuwa na watu watatu na hakuna hata mmoja aliyekuwa mteja.

Kathini wa saluni ya mlango wa pili alikuja kuazima mkasi akasahau kuondoka. Mteja wake, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama wima, alimfuata akisema kama umbea umehamia huku basi na yeye atasukiwa huku huku. Wa tatu alikuwa dereva wa lori aliyekuja kuchaji simu, akaegemea ukuta, akalala mdomo wazi.

"Uuuwi!" Kathini akapiga kelele. "Gibson wa mageti ameokoka! Ameacha kabambe ya vibonyezo!"

"Nimeletewa," Gibson akasema, akicheka kwa aibu. Macho yake hayakwenda kwa Kathini. Yalikuja kwangu moja kwa moja, yakakaa hapo, na mimi nikajikuta nanyoosha kola ya blauzi iliyokuwa imenyooka tangu asubuhi. Miaka miwili na bado nilikuwa nafanya hivyo. Gibson ni mchomeleaji. Mikono yake ina vijidoa vya cheche kuanzia vidoleni mpaka kwenye kiwiko, na nikiwa peke yangu mimi huvikumbuka kimoja kimoja.

"Nani amekuletea?" nikauliza.

"Mimi," sauti ikajibu nyuma yake.

Alikuwa Wendy, dada yake mdogo anayefanya kazi Nairobi. Alishuka na treni asubuhi ile ile. Miwani ya jua kichwani, mkoba begani, macho yakipima saiba yangu toka sakafu hadi dari.

"Habari yako, madam," akaniambia.

"Nzuri, Wendy. Karibu Voi. Za safari?"

"Joto tu. Sijui mnaishi aje huku chini."

Wendy alijua vizuri kwamba kesho yake, Jumamosi, nilikuwa naanza safari ya kuwa wifi yake. Wazee wao walikuwa washuke kutoka kwao milimani, Werugha, na mbuzi watatu, wapite Voi, waende Maungu kwa baba yangu mzee Musyimi. Kwetu Wakamba mbuzi hao huitwa ntheo. Bila ntheo, hata mkae pamoja miaka thelathini na mzae timu ya mpira, wewe mwanamke hujaolewa, umetembelea tu. Wajomba wa Gibson walikuwa wamepinga miezi mitatu mizima. Tangu lini Mdawida wa milimani akaswaga mbuzi kufuata mila za Wakamba? Mama yake, Mama Susan, yeye hakuwa na neno na mbuzi. Neno lake lilikuwa mimi.

"Msichana wa kompyuta," alikuwa akimwambia Gibson. "Anajua siri za Voi nzima. Wewe unajua ipi yake?"

Gibson aliniletea maneno hayo akiyacheka. Mimi nilicheka pia, lakini kicheko hakikushuka tumboni.

Maana ilikuwa kweli. Zamani, kabla kila mtu hajapata simu ya kupangusa, hapa kwangu palikuwa pamejaa mpaka mlangoni. Walimu, askari, wanafunzi wa kuomba mkopo wa chuo, wazee wa mashamba ya mkonge, wote kwa foleni, na stori zikipita kichwa juu ya kichwa. Mtu akija kufunguliwa barua pepe, ananitajia paswadi yake kwa sauti, watu wote wasikie, na mimi naiandika kwa daftari ili asije akaisahau. Pale pa kujaza namba ya simu, wengi walisema neno moja: "Weka yako tu, Koki. Mimi laini hubadilisha." Nikaweka. Baadaye simu zikaja, foleni ikaisha, watu wakawa wanafanya mambo yao wenyewe kitandani. Ila namba yangu ilibaki humo ndani. Mchana kutwa zinaingia kwangu zile namba sita za uthibitisho, na watu wananipigia: "Koki, nisomee."

Gibson alikuwa mmoja wao. Simu mbili za kupangusa zilimfia kwa cheche akarudi kwa kabambe. "Nisumbuke na tachi ya nini," aliniambia, "na wewe uko?" Barua zake zote nilizifungua mimi, nikamsomea mimi, nikamjibia mimi.

"Sasa," Wendy akasema, akiiweka ile simu mezani, "tunataka kuingiza email yake tu, halafu tuende. Nimeweka paswadi, si aliitaja hapo nje kama anauza samaki. Imekubali. Lakini inasema imetuma code kwa namba inaishia na sita moja. Hiyo ni namba ya nani?"

"Yangu," nikasema.

"Ya wewe?" Akavua miwani kichwani. "Email ya ndugu yangu, namba ya wewe?"

"Hata yangu iko kwake," Kathini akadakia. "Hata ya pasta. Usishangae, dada, hii ndiyo benki ya Voi."

"Ni kawaida, Wendy," Gibson akasema. "Koki, si unisomee?"

Simu yangu ilikuwa imetetemeka mfukoni kabla hajamaliza. Niliitoa. Namba sita, nyeupe juu ya nyeusi. Nikazitazama, nikamtazama Gibson, yule mtu mrefu aliyeinama juu ya meza yangu akisubiri kama mtoto anayesubiri chakula kipakuliwe.

"Haijafika," nikasema.

Sikupanga kusema hivyo. Ulimi ulijiendea wenyewe.

Ngoja niwaambie, na mkinihukumu mnihukumu. Machi ya mwaka juzi, Gibson alikuwa ameomba kazi ya kuchomelea meli kule Doha. Nilimwandikia maombi mimi. Wakati huo hatukuwa wapenzi. Alikuwa mteja anayependa kukaa kwenye benchi langu bila sababu, na mimi nilikuwa mwanamke anayemtafutia sababu. Alikuja kila siku: "Wameandika?" Siku moja waliandika. Wamemchukua. Miaka mitatu, aripoti baada ya wiki nne. Niliisoma ile barua mara tano. Halafu nikawajibu kwa jina lake kwamba hatakuja, nikafuta barua yao, na nikamwambia bado.

Baada ya mwezi wa kusubiri alikata tamaa. Akaja akalia pale mezani pangu, mwanamume mzima, na mimi nikampa leso. Tulianzia hapo.

Barua yao niliifuta. Jibu langu sikulifuta. Limekaa kwenye zilizotumwa mpaka leo, na sababu yake nitaisema ikifika.

"Tuma tena," Wendy akamwambia Gibson. "Bonyeza hapo. Network za huku!"

"Acha niangalie kwa kompyuta," nikasema. "Labda kuna shida."

Hapakuwa na shida yoyote. Nilitaka dakika mbili tu. Paswadi yake nilikuwa nayo, ile kompyuta ya pembeni ilikuwa imezoea akaunti yake, haingeniuliza maswali. Ningeingia, ningefuta, kisha ningemsomea namba zake na kesho mbuzi wangekuja Maungu.

Nikaiwasha. Kompyuta zangu huamka kama wazee: zinakohoa kwanza, zinanguruma, zinakaa kitako, halafu ndiyo zinauliza wewe ni nani. Nilisimama nikiitazama huku mgongo wangu ukiwasikia wote.

"Wacha tumpigie mama basi tukingoja," Wendy akasema. "Nimemnunulia na yeye simu, jana nimemtumia na gari. Nataka amuone Gibson kwa video."

Ikaita. Ikashikwa. Kwenye simu ya Wendy kukatokea kitu cha kahawia, chenye mikunjo, na hereni ndogo ya dhahabu ikining'inia.

"Haloo!" kile kitu kikasema.

"Mama, toa simu kwa sikio!" Wendy akapiga kelele. "Tunaona sikio!"

"Ati nini?"

"Sikio, mama! Ishike mbele ya uso, kama kioo!"

Kathini alijikunja kwa kicheko mpaka akalala juu ya printa. Sikio likaondoka, tukaona paa, tukaona mgomba, tukaona kuku, mwishowe uso. Mama Susan, kitambaa kichwani, ukungu wa Werugha nyuma yake, akikodoa macho.

"Gibson! Huyo ni wewe? Mbona umekonda?"

"Ni simu, mama, inakondesha."

"Na Koki? Koki yuko? Nipeni Koki."

Gibson akaja na simu ya Wendy, akaisimamisha mbele yangu, bega lake likigusa langu. Kwenye kompyuta, akaunti yake ilikuwa imeshafunguka. Nilikuwa nimeshaingia kwenye zilizotumwa. Mshale ulikuwa juu ya ile barua. Mtu angedhani nafanya kazi yangu tu.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Nikuone vizuri. Eeh." Akaisogeza simu karibu. "Koki, mimi nina neno, na kesho kutakuwa na kelele nyingi, wacha niliseme leo. Mimi nilikukataa. Sitaficha."

"Mama, si lazima..."

"Nyamaza, mtu mzima anaongea. Nilikukataa. Nilisema huyo anakaa na siri za watu. Lakini wale watu wa meli walipomnyamazia mtoto wangu, aliacha kula. Alikuja hapa akalala siku nne akiangalia ukuta. Nikasema huyu nitamzika. Na akarudi Voi, na mwezi ukaisha, akaja tena hapa anacheka. Nikamuuliza, nani amekuchekesha? Akasema Koki." Alijipangusa macho kwa ncha ya leso, na simu ikatikisika, tukaona mgomba tena. "Wale walimtupa, wewe ukamuokota. Basi nimekupokea. Kesho nakuja na miguu yangu. Mbuzi mmoja ni wangu mwenyewe, nimemlea. Wacha wajomba waseme."

Niliinamisha kichwa. Kathini alidhani nalia kwa furaha, akaanza kunipigia vigelegele vya chini kwa chini.

Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Kubonyeza kulitaka nguvu ya kuua sisimizi. Nikafikiria nikishabonyeza, kesho nitasimama mbele ya yule mama, nipokee mbuzi aliyemlea kwa mkono wake, na nitampokea kwa uongo ule ule alionishukuria. Na kesho kutwa, na mwaka ujao, kila akinibariki nitakuwa natazama chini.

Niliondoa mkono.

"Asante, mama," nikasema. "Mungu akuweke."

Simu ilipokatwa, Wendy akaigusa tena ile simu mpya. "Nimetuma tena. Imefika?"

"Imefika."

"Haya, soma."

Nilisoma. "Nne. Sifuri. Saba. Saba. Moja. Tisa." Gibson akazibonyeza moja moja kwa kidole kigumu, akitoa ulimi kidogo kama anayechomelea mahali pembamba. Simu ikazunguka kidogo tu. Pale ambapo kompyuta yangu ingeomba chai kwanza, hiyo ilifunguka mara moja, barua zake zote za miaka sita zikamwagika kwenye kiganja chake.

"Ala!" akasema. "Zote ni zangu hizi?"

"Kathini," nikamwambia rafiki yangu, "nipe nafasi kidogo."

Kathini ni mtu anayeondoka matangani wa mwisho ili asipitwe. Aliniangalia usoni. Akamshika mteja wake mkono, akamgonga yule dereva begani, "Amka baba, twende nje," na mlango wa wavu ukajifunga nyuma yao.

"Nini sasa?" Wendy akauliza.

"Wewe unaweza kubaki," nikasema. "Ni ndugu yako. Gibson, kaa."

"Koki, unanitisha."

"Kaa, tafadhali."

Akakaa kwenye benchi. Lile lile. Nilimwelekeza kwa sauti yangu ya kazi, ile ninayowatumia wazee. "Juu kushoto, kuna mistari mitatu. Bonyeza. Shuka mpaka zilizotumwa. Sasa pangusa juu, endelea, endelea, mpaka Machi ya mwaka juzi. Hapo. Simama."

"Hii ya watu wa Doha?"

"Hiyo."

Akaikodolea. Gibson anasoma, lakini Kizungu cha maofisi kinamchosha. Akaninyooshea simu kama alivyozoea kuninyooshea kila karatasi maishani mwake.

"Nisomee, Koki."

Sikutegemea hilo. Nilikuwa nimejiandaa asome mwenyewe, mimi niangalie sakafu. Nikaishika ile simu. Ilikuwa na joto la mkono wake.

"Nakusomea kwa Kiswahili," nikasema, na sauti yangu ilikuwa ya mtu mwingine. "Mabwana wapendwa. Asanteni kwa kunichagua. Nasikitika kwamba sitaweza kuja. Ninaoa. Tafadhali mpeni mtu mwingine nafasi hiyo. Wenu, Gibson."

Nje lori lilipita, likaenda zake. Gibson alikuwa bado ameinua uso akinisikiliza, kama anayengoja niendelee.

"Waliandika?" akauliza.

"Waliandika. Walikuchukua."

"Wewe ndio uliwajibu?"

"Mimi."

"Ati *anaoa*?" Wendy alikuwa ameshasimama. "Anaoa nani, mwaka juzi? Hakuwa na mtu mwaka juzi! Anaoa nani?"

"Mimi," nikasema.

"Wewe!" Wendy akacheka, kicheko kibaya kisichokuwa na meno. "Gibson, unaskia huyu? Hata hamkuwa mnatembea! Mama alisema! Mama alisema huyu msichana..."

"Wendy."

"...mama amelia hapa saa hii, anamwambia asante..."

"Wendy, wacha." Hakupaza sauti. Aliitazama tena ile simu mikononi mwangu. "Hiyo inaonyesha ni saa ngapi?"

Nilijua anachotafuta. "Saa nne na dakika ishirini. Asubuhi. Jumanne."

"Jumanne." Akaupitisha mkono juu ya mbao za benchi alilokalia. "Jumanne nilikuwa hapa. Jumanne zote nilikuwa nakuja asubuhi, kwa sababu sina kazi Jumanne. Nilikuwa nimekaa hapa, Koki. Hivi."

"Ndiyo."

"Ukanipa chai."

"Ndiyo."

"Nikakuuliza, wameandika? Ukasema nini?"

"Nikasema bado."

Aliinamisha kichwa, viwiko juu ya magoti, na nikaona kisogo chake, pale ambapo mimi humnyoa mwenyewe Jumapili jioni. Nilitaka kwenda kumgusa. Sikuwa na haki hiyo.

"Nilikupenda," nikasema. "Sijui kuliweka vingine. Ulikuwa unakuja kila siku, na siku hizo ndizo nilikuwa naishi. Watu walikuwa wameanza kupungua hapa, kila mtu na simu yake, na wewe ulibaki. Niliona miaka mitatu nikaona hutarudi, na ukirudi utarudi na mwingine. Na ile barua sikuifuta kwa sababu... kuna neno humo. Naoa. Nilikuwa naifungua usiku nikifunga kazi, nalisoma tu hilo. Nilijua ni mimi nimeliandika. Lakini chini yake kuna jina lako."

"Aki huyu ni mgonjwa," Wendy akasema polepole, lakini moto ulikuwa umepungua kwenye sauti yake.

Gibson akainua uso. Macho yalikuwa makavu, na hilo lilinitisha kuliko machozi.

"Ungeniambia nisiende," akasema.

"Nini?"

"Ungesema tu. Gibson, usiende. Maneno mawili. Kwani nilikuwa nakuja hapa kuangalia kompyuta? Mimi nilikuwa nangoja mtu aniambie nibaki. Mama alitaka niende, wajomba walitaka niende, huyu hapa alitaka niende. Nilikuwa natafuta mtu mmoja. Ningebaki, Koki. Ningebaki na ningekuwa na furaha."

"Sikujua."

"Hukuuliza. Na paswadi yangu ulikuwa nayo, namba ilikuwa yako, kila kitu changu ulikuwa nacho." Akapumua. "Nilikulilia hapo mezani. Nilidhani Mungu amenifungia mlango mmoja akanifungulia mwingine. Nimetoa ushuhuda kanisani, Koki. Nimesimama mbele ya watu Werugha nikasema hivyo."

"Nisamehe, Gibson."

"Nitakusamehe," akasema. "Sijui ni lini. Hata sasa nakuangalia na nakupenda, ndiyo maana siwezi kukaa hapa. Nikikuangalia sana nitasema yaishe, na kesho nitakuja na mbuzi, halafu siku moja tukiwa wazee nitakuuliza kitu kidogo tu, kama umefunga mlango, na utasema nimefunga, na nitaamka kwenda kuangalia."

Nikamrudishia simu yake.

Akasimama. Nilidhani anaondoka, lakini akaja mezani, akaweka ile simu kati yetu.

"Nionyeshe vile mtu anatoa hiyo namba yako."

"Wendy anaweza..."

"Nataka wewe."

Basi nilimwonyesha. Nimefundisha watu mamia, sijawahi kufundisha kitu kwa ugumu ule. "Bonyeza picha yako hapo juu. Akaunti. Usalama. Shuka. Umeona pale imeandikwa namba ya simu? Hiyo inayoishia na sita moja. Iguse. Sasa ile alama ya kalamu. Sasa futa."

"Ikishafutika?"

"Unaweka yako."

Akafuta tarakimu zangu moja moja kuanzia nyuma, akaandika zake. Simu ikafikiri. Kwa mazoea nikaishika yangu mfukoni, ningoje itetemeke. Haikutetemeka. Iliyolia ni ya kwake, pale mezani, na namba sita zikatokea juu ya kioo chake mwenyewe. Alizisoma kimya, midomo ikitembea, akaziingiza bila kuniuliza.

"Na paswadi," nikasema. "Ubadilishe na paswadi."

Nilikuwa nimeshachukua kalamu. Naapa sikujua. Daftari lilikuwa wazi kwenye ukurasa wake na kalamu iko mkononi, tayari, kama miaka yote. Gibson aliona. Akaigeuza simu upande wake, akakinga kioo kwa kiganja, akaandika neno ambalo sitalijua.

Alipomaliza alinitazama kwa muda. Nikadhani atanigusa. Mkono wake uliinuka kidogo, ukafika usawa wa meza, ukarudi.

"Kaa vizuri, Koki," akasema, akatoka.

Wendy alibaki mlangoni akikusanya mkoba na chaja. Nilingoja matusi, na nilikuwa tayari kuyapokea, hata ningeyashukuru.

"Mama nitamwambia mimi," akasema. "Wewe usimpigie. Atakuwa anakuonea huruma, na hiyo itamuumiza zaidi."

Wakaenda. Kupitia wavu niliwaona wakivuka barabara, Gibson mbele, Wendy akikimbia na viatu vyake vya Nairobi kumfikia. Kathini aliingia, akanitazama, akafunga mdomo aliokuwa ameufungua, akakaa chini kwenye sakafu karibu na miguu yangu bila neno. Miaka tisa tukijuana, hiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Simu yangu ikalia. Niliinyakua. Nilidhani ni yeye, Mungu anisamehe, nilidhani amefika kona akageuka.

Ilikuwa mama yangu, Maungu. Nyuma yake nyumba ilikuwa imejaa. Nilisikia sufuria, nilisikia shangazi zangu wakicheka wote kwa pamoja, na sauti ya baba ikiulizia viti vya kanisa viko wapi.

"Koki! Wewe mtoto, mbona hushiki simu? Nakuuliza, hao watu wa milimani wanakula muthokoi ama wanataka wali? Baba yako anasema wali. Mimi nasema mgeni hula cha mwenyeji. Niko na karai hapa na maji tayari, na mahindi usipoloweka leo kesho hayaivi. Niloweke ya watu wangapi?"

"Mwaitu," nikasema. "Usiloweke."

"Ati nini? Sema kwa nguvu, hawa wanapiga kelele."

"Usiloweke, mwaitu."

"Aiya! Kwani hawali muthokoi?"

"Hawaji," nikasema, na kule Maungu mtu akapiga kigelegele kirefu, nikalazimika kungoja kiishe ndipo niseme tena.